Waliobaki Jumbani: Askari wa Unguja na Asubuhi ya 27 Agosti 1896

Jumanne ya tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani wa Unguja, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla katika jumba lake linalotazama bahari. Jua lilikuwa halijatua, na jeshi lake lilikuwa limeshakatika mapande mawili. Askari wapatao 700 walikuwa ndani na mbele ya jumba la kifalme pamoja na Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani. Wengine 900 walisimama upande wa serikali iliyoongozwa na Waingereza, chini ya ofisa aitwaye Arthur Raikes. Wote walikuwa askari wa jeshi moja, wanaolipwa na hazina moja, waliopigishwa gwaride kwa amri zilezile. Alhamisi iliyofuata, saa 3 za asubuhi, manowari za Kiingereza zilipoanza kupiga mizinga, askari hao walikuwa wanatazamana kwa bunduki.

Mgeni anayetembezwa Forodhani huambiwa kwamba hapo ndipo ilipopiganwa vita fupi kuliko zote duniani, dakika 38. Huambiwa kwa kicheko, naye hucheka. Hesabu hiyo ya dakika imeizima hesabu nyingine, ya watu wapatao 500, wanaume kwa wanawake, waliouawa au kujeruhiwa jumbani. Watu 500 kwa dakika 38 si jambo la kuchekea. Mimi naisoma asubuhi ile kama habari ya amri: nani aliitoa, nani aliitii, na nani aliachwa akiwa bado anaitii.

Jeshi lenyewe halikuwa la zamani. Kwa miaka mingi masultani wa Unguja waliwategemea askari wa kukodi, Mabulushi na Waarabu wa Hadhramauti, watu waliolinda ngome na milango na waliomfuata aliyewalipa. Mwaka 1877 Seyyid Barghash bin Said alitaka jeshi la namna nyingine, lenye sare na silaha mpya na mazoezi ya kizungu. Kazi hiyo alipewa Lloyd Mathews, luteni kijana aliyekuwa kwenye London, manowari kuukuu iliyotia nanga bandarini kuwasaka wenye majahazi ya watumwa. Serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500 za Snider. Mathews akaandikisha watu, wengi wao Waafrika, akawafunza, na kufikia mwaka 1880 alikuwa na askari wapatao 1,300. Mwenyewe akapanda cheo hadi kuitwa Jenerali, akabaki Unguja maisha yake yote.

Tangu mwanzo palikuwa na fundo ambalo hakuna aliyelifungua. Askari walikuwa wa Sultani, kamanda wao alikuwa Mwingereza. Siku ambayo Sultani na Uingereza wangetaka jambo moja, fundo lisingeonekana. Mwaka 1890 Unguja ilifanywa nchi iliyo chini ya himaya ya Uingereza, na tangu hapo hakuna aliyeweza kukaa kitini bila ridhaa ya balozi mdogo wa Uingereza. Mwaka 1891 Mathews akafanywa waziri wa kwanza, mkono mmoja ukishika jeshi na mwingine ukishika fedha za serikali. Askari wa kawaida aliyevaa kofia yake nyekundu na kusimama zamu mlangoni hakusomewa mikataba hiyo. Alijua kuna Sultani, na alijua kuna Bwana Mathews. Seyyid Hamad alipotaka walinzi wa kwake mwenyewe, akakusanya kama watu 1,000 wasio chini ya Mathews. Desemba 1895 walinzi hao na askari wa Mathews walipambana kwa risasi mjini. Damu ya askari kwa askari ilikuwa imeshaonjwa miezi minane kabla ya Khalid kuingia jumbani.

Khalid naye hakuwa wa kwanza katika nyumba yake kuielekea mizinga ya Kiingereza. Mwaka 1859 baba yake, Barghash, alimwasi ndugu yake, Sultani Majid, na kujifungia na wafuasi wake katika shamba la Marseille, huko Machui, mashariki ya mji. Dada zake walimsaidia kwa siri, akiwemo Salme, binti mdogo aliyemwandikia barua zake, ambaye baadaye alikimbilia Ujerumani na kuandika kumbukumbu za maisha yake. Watu walikufa Machui. Waasi wakashindwa, mabaharia wa Kiingereza wakashiriki kuizima fitina ile, na Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay uhamishoni. Alirudi, akarithi kiti mwaka 1870, na mwaka 1873 alipotishiwa kuzingirwa kisiwa chote kwa manowari, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Barghash alijifunza kwa gharama kubwa kuwa kuna wakati mtawala huinama ili watu wake wasife. Unaweza kumlaumu kwa mengi, na mimi namlaumu kwa watumwa wa mashamba yake, lakini somo hilo alilielewa. Mwanawe hakujifunza somo hilo.

Mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, Khalid aliwahi kuingia jumbani kudai kiti, akaonywa na mwakilishi wa Uingereza, akatoka. Safari ya pili hakutoka. Hamad alifariki kama saa 5 na dakika 40 asubuhi, na Khalid akaingia muda mfupi baadaye. Mjini walikuwepo walionong'ona kuwa Hamad alitiliwa sumu, na walionong'ona kuwa mtiaji ni Khalid. Basil Cave, aliyekuwa akikaimu uwakilishi wa Uingereza, alikwenda na Mathews kumwonya afikiri vizuri. Khalid hakuwasikiliza. Watu wakaanza kumiminika kwenye uwanja wa jumba chini ya kapteni wa walinzi aliyeitwa Saleh. Hadi usiku walikuwa wamefika kama 2,800. Wengi wao walikuwa raia, wenye bunduki za kila umri. Pamoja nao ndio wale askari 700 walioiacha kambi yao wakaja kwa Khalid. Walikuwa na bombomu za Maxim, mzinga mkongwe wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili ambayo Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani alimzawadia Sultani. Yote ilielekezwa baharini.

Saa 8 na nusu mchana Hamad alikuwa ameshazikwa. Saa 9 alasiri mizinga ya salamu ikalia kumtangaza Khalid. Cave alikuwa ametaka bendera zote bandarini zishushwe nusu mlingoti kumwomboleza marehemu, na zote zikashushwa isipokuwa moja, bendera kubwa nyekundu iliyopepea juu ya jumba.

Wale 700 ndio wanaonishughulisha zaidi kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii. Ni rahisi kuwaita waasi, na ripoti za Waingereza zimewaita hivyo. Tazama lakini jambo lilivyokuwa machoni pao. Katika ukoo wa kifalme wa Al Busaid hapakuwa na sheria ya mtoto mkubwa kurithi. Kiti kilikwenda kwa mwenye damu ya kifalme aliyeweza kukishika na kukubaliwa na wakubwa. Khalid alikuwa mtoto wa Barghash, mtu aliyeliunda jeshi lao. Amekaa jumbani, bendera iko juu, mizinga ya salamu imelia. Askari aliyeapa kumtumikia Sultani alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba Sultani ni huyu. Na wale 900 waliobaki na Raikes, nao hawakuwa wasaliti. Walibaki kwa ofisa aliyewaongoza jana na juzi, katika serikali iliyowalipa. Kila upande ulikuwa na uaminifu wake, na uaminifu huo ndio uliowapanga wauane. Walioufunga mkanganyiko huo kwa miaka 19 walikuwa watu wenye vyeo, na hakuna hata mmoja wao aliyeuawa.

Walikuwepo pia jumbani watu ambao neno uaminifu haliwahusu, kwa sababu hawakuwa na hiari. Watumwa na watumishi, wapishi, wachota maji, vijakazi wa nyumba ya wanawake. Ukubwa wa jumba lile ulitegemea mikono yao. Bwana alipoamua kukaa, wao walikuwa wamekaa.

Cave alipeleka simu London kuuliza kama anaruhusiwa, juhudi za amani zikishindikana, kulipiga jumba kwa mizinga ya manowari. Jibu la waziri mkuu, Lord Salisbury, lilifika: achukue hatua yoyote atakayoona inafaa, na serikali itamuunga mkono, ila asijaribu jambo ambalo hana hakika ya kulimaliza kwa ushindi. Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Lina tahadhari ndani yake, na tahadhari yote ni kuhusu kushindwa. Waliomo ndani ya jumba hawamo ndani ya simu.

Tarehe 26 saa 4 asubuhi iliwasili manowari Racoon kujiunga na Philomel, Thrush na Sparrow. Saa 8 mchana ikaingia St George, meli kubwa yenye bendera ya Admirali Harry Rawson. Rawson akampelekea Khalid amri ya mwisho: ashushe bendera na kuondoka jumbani kabla ya saa 3 za asubuhi ya kesho yake, la sivyo atapigwa. Vyombo vya biashara viliamriwa viondoke bandarini. Wanawake na watoto wa Kiingereza waliondolewa wakapakiwa melini. Usiku ule balozi mdogo wa Marekani, Richard Mohun, aliona mji uliozoea ngoma na vilio vya watoto umenyamaza kimya.

Asubuhi, saa 2, mjumbe wa Khalid alikuja kuomba mazungumzo. Cave akajibu kuwa hakuna mazungumzo mpaka amri itiiwe. Saa 2 na nusu likaja jibu la Khalid kwamba hana nia ya kushusha bendera yake, wala haamini kuwa Waingereza watampiga. Cave akarudisha kwamba hawapendi kupiga, ila asipofanya anavyoambiwa watapiga.

Hapa nina ugomvi na Khalid. Kutoamini kwamba adui atapiga si mpango wa vita. Kamanda anayewaweka watu karibu 3,000 kwenye jumba lenye mbao nyingi, mbele ya manowari tano, kwa kutegemea kwamba wa upande wa pili wanatania, amecheza bahati nasibu kwa roho za watu. Palikuwa na nusu saa kamili. Ndani ya nusu saa wanawake wangeweza kutolewa kwa mlango wa nyuma, watumwa wakaambiwa waende zao, raia wenye bunduki za kuwindia wakarudishwa majumbani kwao, wakabaki askari na yeye. Hilo lisingeliokoa jumba, lakini lingewaokoa watu, na heshima ya Khalid isingepungua hata chembe.

Saa 3 na dakika 2 Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua. Risasi ya kwanza ya Thrush iliupindua mmoja wa mizinga ya Kaizari. Kuta za mbele zikaingia ndani, nguzo na sakafu za mbao zikavunjika, ghorofa ya juu ikawaangukia waliojificha chini. Moto ukashika. Waliokuwa kwenye mizinga uwanjani waliuawa palepale walipokuwa wamefunzwa kusimama. Hilo nalifikiria kila nikitazama ile picha maarufu ya mabaharia wa Kiingereza waliojipanga kando ya mzinga waliouteka, nyuma yao nguzo zilizokatika. Mshika mzinga hufunzwa jambo moja kabla ya yote, kutoiacha silaha yake. Mafunzo hayo yaliingia Unguja kwa mkono wa Mathews. Mathews asubuhi ile alikuwa upande wa manowari.

Bandarini palikuwa na chombo cha kivita kimoja tu cha Sultani, Glasgow, meli ya fahari ambayo Barghash aliijengesha Uingereza baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuvunja vyombo vyake. Ilikuwa na mizinga midogo saba. Watu wake waliifyatulia St George, meli iliyoweza kuimeza. Wakajibiwa, ikatoboka, ikaanza kuzama, wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu. Mashua za Kiingereza zikateremshwa zikawaokoa majini. Tendo hilo nalitaja kwa heshima. Mabaharia waliokuwa wakipigana nao dakika chache nyuma waliinama ukingoni mwa mashua kuwashika mikono. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza bandarini hadi mwaka 1912.

Nchi kavu, askari wa Raikes walisogea kuelekea jumbani na watu wa Khalid wakawafyatulia, bila madhara makubwa. Saa 3 na dakika 40 hivi mizinga ilinyamaza. Bendera nyekundu ilikuwa imeangushwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, wa Thrush, naye akapona.

Seyyid Khalid hakuwepo. Mwandishi wa shirika la Reuters alipeleka habari kwamba alitoka mlango wa nyuma mara tu baada ya kombora la kwanza, pamoja na wakubwa wa Kiarabu, wakiwaacha watumwa na wafuasi waendelee kupigana. Wapo waliosema alikaa zaidi kidogo. Ama iwe dakika ya kwanza au ya ishirini, aliwasili katika ubalozi mdogo wa Ujerumani akiwa hai na mzima, na waliokuwa wakimpigania walikuwa hawajaambiwa waache. Wazee wetu wana msemo kwamba mla nawe hafi nawe. Ulisemwa juu ya marafiki wa karamuni, lakini asubuhi ile ulimfaa kiongozi. Bendera ingeweza kushushwa na mtu mmoja kwa kamba moja. Aliyekuwa na amri ya kuishusha alikwishaondoka, na wa chini yake hawakuwa na ruhusa.

Rawson je? Watetezi wake wanasema alitoa muda, alionya mara kadhaa, na jumba lilikuwa na mizinga iliyoelekezwa kwake, kwa hiyo lilikuwa ngome halali ya kivita. Yote hayo ni kweli. Dunia wakati ule haikuwa hata na zile kanuni za mkutano wa The Hague wa mwaka 1907 juu ya kupiga miji kutoka baharini, na hata zingekuwepo, mahali penye mizinga pasingekingwa nazo. Sheria lakini ni kiwango cha chini cha mwenendo wa askari. Rawson alikuwa na nguvu ambazo Khalid hakuweza kuzigusa. Aliyekuwa hatarini kwa saa zaidi za kusubiri hakuwa yeye. Angeweza kuipiga mizinga ya uwanjani kwanza, akanyamaza, akataka jibu tena. Manowari tatu zilizopiga zilitupa makombora yapata 500 na risasi za bombomu zipatazo 4,100 juu ya nyumba moja yenye wanawake ndani. Kadiri silaha inavyozidi nguvu ya aliyeelekezewa, ndivyo kazi ya mwenye silaha kujizuia inavyoongezeka. Kujizuia huko sikuoni katika asubuhi ile, isipokuwa kwenye zile mashua za kuokoa.

Februari iliyofuata Rawson alikuwa Benin, Afrika Magharibi, akiongoza jeshi lililouteka mji ule, ukateketea, na shaba zake zikachukuliwa. Mtu anayetaka kuelewa jinsi mazoea yanavyomjenga kamanda aiweke Unguja ya Agosti na Benin ya Februari katika ukurasa mmoja.

Alasiri ileile ya tarehe 27, Hamoud bin Mohammed alikalishwa kitini, akiwa na madaraka machache kuliko waliomtangulia. Mjini, wahuni walipasua maduka ya Wahindi na kupora, na watu kama 20 walipoteza maisha katika vurugu hiyo. Askari wa Kisingasinga 150 wakaletwa kutoka Mombasa kulinda barabara. Wafuasi wa Khalid walitakiwa walipe gharama ya makombora yaliyowapiga pamoja na hasara ya uporaji, rupia 300,000. Raikes alipewa nishani ya juu ya Sultani, na baadaye akawa mkuu wa jeshi la Unguja. Mathews naye alitunukiwa. Aprili 1897 Hamoud akatangaza kufutwa kwa hadhi ya utumwa kisheria. Wapo wanaoliweka jambo hilo kwenye mizani kama kisingizio cha kila kilichotangulia. Mimi nashangilia amri ile ya Aprili kwa moyo wote, wala sioni kwamba watumwa waliofia chini ya sakafu za jumba Agosti walikuwa bei yake.

Khalid alikaa ubalozini wiki tano, akilindwa na mabaharia wa Kijerumani, nje askari wakimngojea akanyage ardhi ya Unguja wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa. Mashua ya meli ya Kijerumani Seeadler ikasogezwa hadi ubalozini, akaingia bila mguu wake kugusa mchanga, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu kuishi Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927. Aliishi miaka 31 baada ya asubuhi ile. Kapteni Saleh ametajwa kwa jina moja tu, na askari wa chini yake hawakutajwa kabisa.

Katika majengo ya jumba lile, Beit el-Hukm na nyumba ya wanawake hazikujengwa tena. Beit el-Ajaib, lililopata madhara kidogo, lilitengenezwa, likawekewa mnara wa saa mahali pa ule wa taa uliopigwa, likasimama hadi Desemba 2020 sehemu yake ilipoporomoka na kuua watu wawili.

Miaka 67 na ushei baada ya Khalid, mji uleule uliona tena kiongozi akiondoka na wanaomlinda wakibaki. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, wanamapinduzi wenye mapanga, mikuki na bunduki chache walivamia kambi ya polisi ya Ziwani na ya Mtoni, wakavunja ghala za silaha. Serikali iliyopata uhuru mwezi mmoja tu nyuma ilikuwa imewafukuza kazi askari polisi wengi waliotoka bara, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa wavamizi. Askari uliyemnyima kazi na nauli ya kumrudisha kwao umemwachia ujuzi wa silaha na kinyongo. Sultani Jamshid bin Abdullah aliondoka kwa meli ya kifalme, Seyyid Khalifa. Kituo cha polisi cha Malindi kilikuwa bado kinashikiliwa.

Kamishna wa polisi, Mwingereza aitwaye Sullivan, alikuwa na askari wake pale Malindi. Walipoishiwa risasi hakuwaambia kila mtu ajiokoe. Waliondoka pamoja, kwa mpangilio, hadi gatini, wakiwa na mwenzao aliyejeruhiwa, wakapanda mashua kwenda kwenye meli iliyokuwa baharini. Sina sababu ya kuipenda serikali aliyoitumikia, lakini katika mambo yote ya kijeshi niliyoyasoma kuhusu mji huu, kutembea kule kutoka Malindi hadi gatini ndiko kunakokaribia zaidi kile ambacho askari ana haki ya kukitegemea kwa mkubwa wake.

Haki hiyo iliishia gatini. Nyuma yao mji na mashamba vilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha chini ya John Okello, aliyejiita Fildimasho na kutoa vitisho redioni kila siku. Raia hawakuwa na mashua. Katika siku zilizofuata Waarabu na Wahindi wengi waliuawa majumbani na mashambani mwao, wake kwa waume, na hakuna kamanda aliyefikishwa mbele ya hakimu kwa damu hiyo.